Kwanini treni mpya za mjini zina siti chache, na ile namba ya "inabeba watu 1,500" inatoka wapi

Kila treni mpya ya mjini ikizinduliwa lazima itolewe namba kubwa, treni hii ina uwezo wa kubeba abiria 1,500, watu wanapiga makofi, afu siku ya kwanza ya kazi mtu anapanda anakuta siti zimepungua kuliko zile za treni ya zamani na anaanza kulalamika kwamba tumeibiwa siti. Wote wawili wana haki. Treni inaweza kuwa na siti chache na ikabeba watu wengi, na inaweza kuwa na siti kibao huku laini nzima ikihamisha watu wachache kwa saa, ila maelezo yake huwa yanatolewa nusunusu ndo maana mabishano hayaishi.

Tuanze na hiyo namba. Ukisikia treni inabeba watu 1,500 usidhani kuna mtu alienda akajaza watu 1,500 ndani akawahesabu. Kinachofanyika ni hesabu ya mezani. Unahesabu siti, hapo hamna ubishi, siti ni siti. Halafu unachukua sakafu iliyobaki ambayo mtu anaweza kusimama, unapima ni mita ngapi za mraba, unazidisha kwa idadi ya watu ambayo umeamua kwamba wanaweza kusimama kwenye mita moja ya mraba. Narudia, umeamua. Hakuna sheria ya fizikia inayosema ni wanne au sita. Ulaya mara nyingi wanatumia wanne, sehemu nyingi za Asia na Amerika ya Kusini wanatumia sita, na kuna wanaoweka nane kwa ile hali ya kujaa kupita kiasi. Treni ni ileile, hakuna hata skrubu moja iliyoguswa, ila kwenye karatasi imeongeza mamia ya abiria.

Chukua behewa la kufikirika, ndani lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 2.7, maana yake sakafu ni mita za mraba 54. Ukipanga siti za kuelekea mbele na nyuma, wawili wawili kila upande na njia katikati, tuseme zinaingia siti 64, na kila aliyekaa anakula karibu nusu mita ya mraba ukijumlisha na nafasi ya magoti yake. Hapo siti zimekula 32, zimebaki 22. Ukisema wanne kwa mita, wa kusimama ni 88, jumla 152. Sasa ng'oa zote, weka siti ndefu zilizoegemea ukuta, watu wakae wakiangaliana. Zinaingia siti 44 tu, kila moja inakula kama 0.4, yani karibu 18, zimebaki 36 za kusimama, wanne wanne ni 144, jumla 188. Umepoteza siti 20 lakini behewa limeongeza watu 36. Ukitumia kipimo cha sita, mpangilio wa kwanza unafika 196 na wa pili 260. Angalia vizuri hapo, behewa la siti nyingi kwa kipimo cha sita linaonekana linabeba kuliko behewa la siti chache kwa kipimo cha wanne. Kwahiyo mtu akikuletea namba mbili za treni mbili za miji tofauti bila kukwambia ametumia kipimo gani, hajakwambia kitu.

Na hiyo hesabu yangu bado imempendelea yule wa siti nyingi. Zile mita 22 zilizobaki kwenye mpangilio wa kwanza sehemu kubwa ni kile kinjia chembamba cha katikati, na hakuna anayesimama wanne kwenye mita moja pale, watu wanasimama mstari mmoja wakijibanza ili anayeshuka apite. Kwenye karatasi ile ni sakafu sawa na sakafu nyingine, kwenye maisha ya kweli nusu yake haitumiki.

Wajapani wana njia yao ya kuongelea hili na mimi naona ina akili zaidi kuliko hizi mita za mraba. Wao wanatumia asilimia, na wameieleza kwa vitu ambavyo abiria anavihisi. Asilimia 100 ni kila mtu ana siti, au mkanda wa kushika, au nguzo. 150 unaweza kufungua gazeti ukasoma bila shida. 180 gazeti unasoma ila kwa kulikunja. 200 miili inagusana na kubanwa kwelikweli, ila kajarida kadogo unaweza kujitahidi. 250 treni ikiyumba unaenda nayo na hata mkono huwezi kuusogeza. Behewa lao la kawaida la mjini lina milango minne kila upande, siti 54, na ile asilimia 100 iko kama watu 160, kwahiyo ukisikia 200 ujue kwenye behewa moja kuna watu zaidi ya 300. Wastani wa laini kubwa za Tokyo saa za msongamano mwaka 1975 ulikuwa asilimia 221, kufikia 2019 ulikuwa umeshuka mpaka 163, na haukushuka kwa kung'oa siti, ulishuka kwa kujenga njia za ziada, kurefusha treni na kuongeza idadi yake. Hilo tulishike.

Upande mwingine kabisa kuna Mumbai. Kule wahandisi ilibidi waongeze daraja lao la juu kabisa la kujaa, watu 14 mpaka 16 kwa mita moja ya mraba, maana vipimo vya kawaida vilikuwa vimeishiwa maneno. Treni ya mabehewa tisa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama 1,700 ilikuwa inabeba zaidi ya 4,500 asubuhi. Hiyo sio capasiti, hiyo ni watu hawana namna nyingine ya kufika kazini. Ndo maana ukisikia mtu anasema "mbona sehemu fulani wanabeba mara mbili yetu kwa treni ileile", muulize milango ya hizo treni ilikuwa inafungwa?

Hong Kong nao waliligundua jambo la kinyume. Treni zao zilipigiwa hesabu ya watu sita kwa mita, ila watu wenyewe hawakuwa tayari kujibana kiasi hicho, wanaona behewa limejaa wanasubiri linalofuata, wakiwa na simu mkononi wanataka hata kanafasi ka kuiangalia. Ikabidi takwimu za kujaa kwa treni zianze kutolewa na kwa kipimo cha wanne pia, na laini ambazo kwa sita zilikuwa zinaonekana zina nafasi, kwa wanne zikaonekana zimejaa pomoni. Yani laini ileile, asubuhi ileile.

Sawa, hiyo ndo namba. Ila kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndo kubwa kuliko yote na ndilo linasahaulika zaidi, nalo ni kwamba siti haigombani na mtu aliyesimama peke yake, inagombana na mlango.

Fikiria laini ambayo treni inakuja kila sekunde 120. Hizo ni treni 30 kwa saa. Kila treni tuseme inabeba watu 1,000, laini inahamisha watu 30,000 kwa saa kwa upande mmoja. Sasa kwenye stesheni moja tu ya katikati ya mji, ile yenye watu wengi kuliko zote, kupanda na kushuka kunachukua sekunde 30 zaidi ya ilivyopangwa kwa sababu watu wamekwama kwenye vinjia vyembamba, wengine wanasukumana mlangoni, mtu kaweka begi mlango ukagoma kufunga. Treni ya nyuma haiwezi kuingia mpaka hii itoke. Nafasi kati ya treni na treni imekuwa sekunde 150, treni ni 24 kwa saa, watu ni 24,000. Umepoteza watu 6,000 kila saa kwa sekunde 30 za stesheni moja, na ukitaka kuwarudisha kwa kuongeza watu ndani ya treni inabidi kila treni ibebe 1,250. Ndo maana injinia wa reli ukimuuliza kuhusu siti anakujibu kuhusu milango, sio kwamba anakukwepa.

Mlango unahitaji vitu viwili, upana wake wenyewe na sakafu tupu ndani yake ili walioingia wasogee na wanaotaka kushuka wajipange. Vyote viwili vinakula sehemu ambayo ingekuwa siti. Mlango wa mita 1.3 hivi unapitisha watu wawili kwa pamoja, ukiwa na kamita kamoja na mtu ana begi wanapita mmoja mmoja. New York kwenye treni zao mpya za R211 wamepanua mlango kutoka inchi 50 mpaka 58, yani kutoka sentimita 127 kwenda 147 hivi, mtu anaweza kuona ni vidole vichache tu wanafanyia sherehe lakini hivyo vidole ndo tofauti ya wawili kupita kwa kujibana na wawili kupita bila kugusana. BART, treni za mjini za eneo la San Francisco, ilikuwa na mabehewa ya milango miwili kila upande, siti nyingi zenye mito, kama sebule vile, na kuanzia 2018 wameleta mabehewa ya milango mitatu na siti chache. Watu walilalamika siti. Ila ule mlango wa tatu huwezi kuuweka hewani, lazima siti zitoke.

Mfano mzuri kuliko yote wa hii kitu ni treni za ghorofa. Akili ya kawaida inasema ukiweka ghorofa umeongeza siti karibu mara mbili kwahiyo umemaliza tatizo. Sydney walienda njia hiyo miaka mingi, treni zao za kawaida za mjini ni za ghorofa, siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili, treni ya mabehewa manane inakuwa na siti karibu 900. Raha kabisa kukaa. Tatizo kila behewa lina milango miwili tu kila upande, na ukishaingia kuna ngazi za kupanda na ngazi za kushuka, kwahiyo kwenye stesheni kubwa za katikati watu wanashuka kwa foleni ya ngazi. Matokeo yake laini moja ilikuwa inapangiwa treni 20 kwa saa, na kwa watu kama 1,200 kwa treni hiyo ni 24,000 kwa saa. Walipoamua kujenga metro mpya, iliyofunguliwa Mei 2019, wakaacha ghorofa kabisa, wakaweka behewa la sakafu moja tu, milango mitatu kila upande, siti za kuangaliana, na lengo lililotangazwa lilikuwa watu karibu 40,000 kwa saa. Treni yenyewe ni fupi na ina siti pungufu ya nusu. Bado laini imebuniwa kuweza kuhamisha wengi zaidi, kwa sababu zinaweza kuja nyingi na hazikai stesheni.

Usiondoke hapo ukisema ghorofa ni ujinga. Paris kwenye RER A, laini inayobeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku, wao wamebaki na ghorofa ila wakabadilisha dawa. Treni zao za MI 2N na MI 09 kila behewa lina milango mitatu mipana sana kila upande, ili ngazi za juu na za chini zisimalizike kwenye mlango mmoja. Treni moja ndefu inafika watu karibu 2,600. Bei yake ni kwamba ile milango mitatu na zile ngazi zimekula siti nyingi sana, ghorofa yao haina siti nyingi kama ambavyo ungetegemea. Kila ukigeuka unakutana na kitu kilekile, umepata mlango umepoteza siti.

Sasa mwelekeo wa siti. Siti za kuangaliana, zilizoegemea ukuta, kwenye treni fupi za chini ya ardhi zinashinda karibu kila hoja, njia ya katikati inakuwa pana, watu wanasogea mpaka ndani, mwenye kigari cha mtoto anapita, mtu wa kiti cha magurudumu anazunguka, kusafisha ni rahisi. Ubaya ni kwamba treni ikifunga breki unaegemea jirani yako, na ukikaa muda mrefu unakuwa unaangalia tumbo la mtu aliyesimama mbele yako, huoni nje. Kwa dakika kumi nani anajali. Kwa dakika 50 ni habari nyingine. Wajapani waligundua pia kwamba kwenye siti ndefu ya watu saba watu wanakaa sita, kila mmoja anajiachia kidogo, siti ya saba inapotea, wakaongeza upana wa kila nafasi mpaka sentimita 46 kwenye treni kama E233, wakachonga mashimo ya makalio, na wakaweka nguzo mbili zinazogawa ile siti mbili, tatu, mbili. Hapo huwezi kukaa vibaya hata ukitaka. Siti ikarudi.

Hiyo ya watu kuacha siti ipo na upande wa pili. Ule mpangilio wa tatu kwa mbili unaowekwa kwenye treni za kwenda nje ya mji ili kuongeza siti kwenye karatasi, ile siti ya katikati ya watu watatu watu wengi hawaitaki, wanaona bora wasimame mlangoni kuliko kujibana kati ya mabega mawili na kuomba samahani wakati wa kushuka. Na ili kuipata hiyo siti isiyotakiwa umepunguza njia ya katikati, kwahiyo hata wa kusimama umemharibia. Kwa maoni yangu huu ndo mpangilio mbaya kuliko yote kwa treni yenye stesheni nyingi, unadanganya pande zote mbili. Mumbai treni zao ni pana sana, mita 3.66, wanaweka tatu kwa tatu, na pale kinyume chake, siti ya watatu wanakaa wanne, wa nne anakalia nusu tu mguu mmoja uko njiani. Kwahiyo siti moja inaweza kuwa chini ya moja au zaidi ya moja kutegemea na shida waliyonayo watu.

Kuna kitu kingine kuhusu siti ambacho hakionekani ukihesabu tu. Siti ya treni ya katikati ya mji inatumika mara kadhaa kwenye safari moja, mtu anakaa stesheni nne anashuka, mwingine anakaa. Siti ya treni inayotoka nje ya mji kuingia mjini inakaliwa na mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho, waliopanda stesheni za mwanzo wote wamekaa na waliopanda stesheni za mwisho wote wamesimama, na hao wa mwisho ndo wenye safari fupi. Ukiangalia hivyo utaona kumbe kung'oa siti kwenye laini ndefu kunamuumiza yule wa mbali kabisa, ambaye ndiye anayeamka mapema kuliko wote, huku faida inaenda kwa wa karibu ambaye sasa anaweza kuingia. Inaweza kuwa uamuzi sahihi, ila tusijifanye hakuna aliyelipa. Uingereza kwenye kupanga treni za abiria wa kazini wana kanuni ya dakika 20, kwamba kusimama kunahesabiwa kama uwezo halali kama safari ya kusimama haizidi hapo, ikizidi treni inatakiwa ihesabiwe kwa siti. Dakika 20 sio namba ya mbinguni ila angalau inakubali kwamba muda ni sehemu ya hesabu.

London ndo darasa zuri la hili. Laini ya Metropolitan inatoka katikati ya jiji inaenda mpaka Amersham, ni mbali, zaidi ya kilomita 40 hivi. Treni za zamani za A Stock zilikuwa na siti 448, tatu kwa mbili, kama treni ya safari. Kuanzia 2010 zikaja S8 zenye siti 306. Watu wa mwisho wa laini hawakufurahi na huwezi kuwalaumu. Ila ukiangalia kwa makini utaona watengenezaji hawakufanya fujo, S8 ina mchanganyiko, siti za kuangaliana na siti za kuelekea mbele, wakati ndugu yake S7 anayezunguka kwenye laini za ndani ya mji ana siti za kuangaliana tupu. Treni moja, familia moja, mpangilio tofauti kwa sababu safari ni tofauti. Elizabeth line nao walifuata mchanganyiko, treni ya mabehewa tisa, siti 450, jumla 1,500, maana yake kwa kila watu kumi saba wamesimama. Na Thameslink, ambazo zinatoka mbali zaidi na kupita katikati ya London kama metro, treni ya mabehewa 12 ina siti 666 kati ya watu 1,754. Watu walizisema sana zile siti, ngumu na nyembamba, ila wembamba wa mgongo wa siti ni sentimita ambazo zimegeuka njia pana ya kupita, na laini ile katikati ya mji imebuniwa kwa treni 24 kwa saa. Treni moja imepewa kazi mbili zisizopatana, haiwezi kumfurahisha kila mtu.

Chicago wao walienda mbele wakarudi nyuma kidogo. Treni zao za aina ya 5000 zilizoanza kazi 2011 zilikuwa na siti za kuangaliana karibu zote, hoja ilikuwa nafasi. Abiria wakalalamika miaka, magoti kwa magoti, mabegi usoni. Zilipokuja za aina ya 7000 mwaka 2021 wakarudisha siti nyingi za kuelekea mbele na kuchanganya. Nadhani hapo kuna somo dogo la kiufundi ambalo halihusiani na starehe, kama njia pana ya katikati haina vya kushika watu hawasimami pale hata uwape uwanja wa mpira. Mtu anasimama palipo na nguzo au mkanda, na anasimama karibu na mlango kwa sababu anaogopa kushindwa kushuka. Kwahiyo unaweza kung'oa siti 20, ukapata sakafu nzuri, afu watu wote bado wamerundikana mlangoni na katikati ya behewa kuna mtu mmoja anasoma simu kwa raha zake. Sakafu bila vishikizo ni sakafu ya kwenye karatasi. Nguzo nayo ukiiweka katikati ya mlango inaziba mlango. Vitu vidogo hivi ndo vinaamua kama ile hesabu ya wanne kwa mita itatimia.

Ndo maana pia siku hizi mabehewa yanaunganishwa yanakuwa kama korido moja ndefu, unatembea kutoka mwanzo mpaka mwisho. Faida sio tu ile nafasi ya maungio ambayo zamani ilikuwa inapotea bure, faida ni kwamba watu wanajisambaza wenyewe, behewa lililo karibu na ngazi za stesheni likijaa wanatiririka kwenda kwenye lisilojaa. Toronto walipata kama asilimia kumi hivi kwa treni zao za 2011 bila kurefusha stesheni hata moja. New York walianza kulijaribu Februari 2024.

Uzito nao usisahaulike, maana mtu anaweza kuuliza si tung'oe siti zote basi. Watu 1,500 kwa kilo 70 ni tani 105, na treni inabidi ibuniwe kwa ile hali mbaya kabisa ya kujaa, sio kwa wastani. Ukiongeza sakafu ya kusimama umeongeza uzito unaoweza kuingia, na hapo unagusa ekseli, springi, breki, mota, na hata reli na madaraja. Treni za kisasa zinapima mzigo kwa presha ya zile springi za hewa na kurekebisha nguvu ya breki na ya kuondoka ili ikiwa tupu au imejaa isimame vilevile, ila kuna mwisho wake. Mabehewa mengine yamewekwa siti sehemu fulani kwa sababu hiyo pia, siti ni njia ya kistaarabu ya kuzuia watu wasijae hapo.

Kuhusu ujanja wa kupata vyote viwili, Wajapani wamejaribu karibu kila kitu. Kampuni ya reli ya Keihan walikuwa na treni ya mwaka 1970 yenye milango mitano kila upande, saa za msongamano milango yote inatumika, zikipita, milango miwili inafungwa na siti zinashushwa kutoka juu kwenye dari zinaziba pale mlangoni. Ilidumu mpaka 2021. Laini ya Yamanote ya Tokyo kwenye miaka ya 90 ilipata mabehewa ya milango sita ambayo siti zake zilikunjwa na kufungwa asubuhi, hakuna kukaa mpaka saa nne. Yaliondolewa kwenye laini hiyo mpaka kufikia 2011, na sababu sio kwamba yalishindwa kazi, ni kwamba waliamua kuweka milango ya usalama kwenye majukwaa ya stesheni, na hiyo inataka milango ya kila behewa ikae sehemu ileile. Halafu kuna zile siti zinazogeuka kwa mota, asubuhi zimeegemea ukuta watu wamesimama, jioni zinageuzwa kuelekea mbele na treni inauzwa kama ya kukaa kwa nafasi uliyokata, kampuni ya Kintetsu walizianza 1996 na kampuni ya Tobu wakazitumia kwenye treni yao ya TJ Liner kuanzia 2008. Zinafanya kazi, ila zinataka mota, zinataka mafundi, na siti inayogeuka mara nyingi haiwi nene wala haiegemei vizuri.

Paris wana suluhisho la bei rahisi kuliko yote, visiti vya kukunja karibu na mlango, kukiwa na nafasi unakaa, watu wakijaa unatakiwa usimame kirudi ukutani chenyewe. Hakuna mota wala kompyuta. Kinategemea tu mtu aliyekaa ainue macho aone behewa limejaa, na kwenye treni ya saa mbili asubuhi kila mmoja akiwa kwenye simu yake, hapo ndo unaona kwanini wahandisi wengine waliamua bora wazifunge kwa kufuli.